Nyongeza ya Walioondoka

Vijana wa meza ya kufungia vitabu, siku mliyoniaga mliniambia niandike. Nilidhani ni maneno ya kwenye soda tu, kama yale ya "tutakuja kukutembelea". Lakini binti yangu Neema ameniuliza zaidi ya mara moja kama nimeanza, basi nimeanza. Sina hakika kama nafaa. Niliishia darasa la saba, na kufunga kitabu siyo kuandika kitabu, kama vile anayechonga majeneza asivyokuwa mchungaji. Nitakapokosea mnirekebishe. Nitakapomsema mtu, nitajitahidi na upande wake niuweke, maana hayupo hapa kujitetea.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilifika Mbeya nikitokea Iringa, nikapokelewa na shemeji yangu. Ilikuwa mwezi wa sita, na mnajua Mbeya ya mwezi wa sita: maji ya kunawa unayatazama kwanza, unajadiliana nayo. Kwenye kiwanda chetu cha kuchapa vitabu nilikabidhiwa kwa Bi Salama, mama ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya nguo, wakaipenda baridi yetu au wakakosa nauli ya kurudi, yeye mwenyewe alikuwa hajui. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa meza ya kufungia. Hakuniuliza cheti. Alisema, "Lete mikono." Akaigeuza kama mtu anayechagua viazi.

"Mikavu," akasema. "Vizuri. Wenye jasho la mikono tunawapeleka kule kwenye mashine. Wewe Mhehe?"

"Ndiyo, mama."

"Nasikia mna hasira. Hapa hasira inaachwa pale kwenye msumari, pamoja na koti."

Wiki yote ya kwanza nilikunja magazeti ya zamani. Alinipa mfupa wa kukunjia, ubavu wa ng'ombe uliosuguliwa mpaka ukawa laini kama sabuni, na kazi yangu ilikuwa kukunja, kupiga mfupa, kukunja, kupiga mfupa. Nilidhani ananitesa. Labda kweli alinitesa kidogo. Lakini kuanzia hapo mikono yangu haikuhitaji tena kuambiwa pembe ya karatasi iko wapi.

Mawili aliyonifundisha nawaachia, mengine mtayapata kazini. La kwanza ni gundi. Kwa baridi ya huku gundi inadanganya: juu imekauka, ndani bado uji. Msiiguse kwa kidole, kidole ni kigumu na kinajipendelea. Iguseni kwa mgongo wa mkono. Ukihisi ubaridi, bado. Na sufuria ya gundi ikae karibu na jiko la mkaa, isikae juu yake, hata bosi akipita akiwa na haraka.

La pili ni kurasa tupu. Karatasi kubwa moja, ikichapwa pande zote na kukunjwa mara tatu, inatoa kurasa kumi na sita, na huo ndio mkunjo. Vitabu vya watu havijui hesabu hiyo. Mtu anakuja na kurasa tisini. Mikunjo sita inatoa tisini na sita. Basi kurasa sita za mwisho zinabaki nyeupe. Wafungaji wengine wanazikata, kitabu kionekane kimemalizika. Bi Salama alikataa. Alisema karatasi ukiikata kwenye mkunjo wake, mwenzake wa upande wa pili analegea, na baada ya mwaka anadondoka. Mimi nilishika hivyo hivyo miaka yote. Wanaokata nao wana hoja, kitabu chao kinapendeza zaidi dukani. Lakini chetu kinadumu.

Rashidi nilimfahamu kupitia msahafu. Alikuwa kijana tu wakati ule, leo ndiye Rashidi wa vipuri, mwenye duka la vifaa vya mashine pale mjini. Alileta msahafu wa babu yake, mgongo umeachana na mwili. Bi Salama alinawa mikono, akaniambia na mimi ninawe, tukaufanya siku tatu bila kuzungumza habari za mtu yeyote. Rashidi alipokuja kuuchukua aliufungua, akaunusa, akafunga macho. Tangu hapo akawa mtu wa kupita pale hata asipokuwa na kazi. Bi Salama alipostaafu na mimi nikarithi kiti chake, Rashidi aliendelea kupita, akakosa tu mtu wa kumtania kwa Kiswahili kizuri. Cha kwangu anasema kina mawe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mnalijua nusu nusu, kwa sababu mlikuwa mnaondoka Jumamosi saa sita na sisi tunabaki.

Miaka michache iliyopita aliingia dada mmoja, chaki kwenye mkono wa sweta, amezifunga karatasi zake kwenye kitenge kama amebeba mtoto.

"Shikamoo baba. Nataka kitabu."

"Marahaba, Mwalimu. Cha dini au cha shule?"

"Cha mchezo."

"Mchezo wa kuigiza?"

"Wa mezani. Kama bao, ila hakuna bao."

Huyo ndiye Mwalimu Tumaini. Ni wa kwetu Iringa, anafundisha sekondari Mbeya. Nilimwambia sielewi, naye kwa uvumilivu wa walimu alinieleza. Watu wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mfua chuma, mwindaji, binti wa mfalme, yeyote. Msimulizi anasema mmefika mtoni, mto una jini, mnafanyaje? Kila mtu anajibu kwa kinywa cha mhusika wake, na penye mashaka kete zinarushwa. Hakuna anayeshinda. Hadithi inaendelea tu, Jumamosi hata Jumamosi. Michezo ya aina hiyo iko duniani muda mrefu, alisema, lakini yeye alitaka wa kwake, wa Kiswahili, wenye nchi iliyojaa milima na ukungu, majoka, wafua radi na milango ya mawe inayozungumza. Aliuita Nchi ya Ng'ambo.

Nilimuuliza kwa nini asiuweke kwenye simu, kila mtu ana simu. Akasema anataka kitu kinachoweza kumwagikiwa chai kikaendelea kufanya kazi.

Kitabu kilikuwa na kurasa tisini. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa tisini ulisema, "Yaliyobaki ni yenu." Baada ya hapo, kama kawaida yetu, kurasa sita nyeupe.

Mnaona kilichotokea. Wachezaji walidhani ni maagizo. Wameambiwa yaliyobaki ni yao, wakafunua, wakakuta karatasi tupu: basi wakaandika. Hakuna mfungaji wala mwandishi aliyekusudia. Vitabu vilipoanza kurudi kwangu kushonwa upya, maana vilitumika kweli, vimelowa mvua, vimeungua pembe, nilikuta kurasa za nyuma zimejaa. Watu walikuwa wanaandika nyongeza wanazozitaka. Nyongeza, kwa lugha ya Mchezo, ni kijitabu kinachoongezwa juu ya kitabu mama: nchi mpya, viumbe wapya, kanuni mpya.

Nilimwonyesha Mwalimu nikidhani atakasirika. Alikaa kwenye kile kiti kibovu cha mlangoni, akasoma mpaka chai ikapoa.

Mkulima wa tumbaku wa Chunya alitaka Nyongeza ya Kiu. Aliandika kwamba hazina zote za kitabuni ni dhahabu, na yeye dhahabu anaiona ikipita kila siku kwenye mifuko ya watu bila kumsisimua. Anataka nchi ambayo hazina ni kisima. Mtawa mmoja wa upande wa Tosamaganga aliandika kwa mwandiko wa kupendeza sana: "Wahusika wote wanajeruhiwa. Nani anawafunga vidonda? Naomba Nyongeza ya Waganga, wasiobeba upanga." Mwingine alilalamika kwamba majoka yote yanatema moto, wakati huku juu anayeua ni baridi, akaomba joka la jalidi, linalokausha viazi shamba zima kwa pumzi moja. Mwingine, nadhani mzee kama mimi, aliomba Nyongeza ya Magoti: mashujaa wazeeke, wapande mlima taratibu, wapumzike njiani.

Kulikuwa na ugomvi juu ya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Mtu wa Iringa aliandika kwamba watu wanasafiri milimani wiki nzima wakila mkate mkavu, jambo ambalo halijawahi kutokea Uheheni, na wawekewe mianzi ya kugema. Kitabu kilipita kwa mwingine, akaandika chini yake kwamba mchezo huu unachezwa na vijana wa kwaya na ulanzi usiingie. Wa kwanza akajibu kwamba ulanzi wa asubuhi ni mtamu tu kama juisi. Wa pili akaandika, "Na wa jioni?" Hapo karatasi ikaisha. Nilijaribu kuamua nani ana haki, nikashindwa. Mimi Mlutheri na ulanzi naujua.

Mwalimu alikuwa anacheka na kufuta macho. Alisema, "Baba Neema, mimi niliandika kitabu kimoja. Hawa wameandika vyote." Akaanza kuzitoa nyongeza, moja moja, vijitabu vya mkunjo mmoja. Ile ya Kiu. Ile ya Waganga. Joka la jalidi alilitoa, nikalikuta usingizini. Na kwa kuwa nyuma ya kitabu kulikuwa na anuani ya kiwanda tu, watu wakawa wanakuja mezani kwangu. Nikawa karani wa matamanio. Bosi wetu aliruhusu, na kwa haki yake niseme hakulazimika.

Ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza. Mwalimu alihitaji watu wa kujaribu nyongeza kabla hazijachapwa, na meza ya kufungia ni kubwa. Tulikuwa wanne. Mwalimu msimulizi. Rashidi, ambaye mhusika wake alikuwa Mwinyi, sultani asiye na nchi wala viatu. Mimi, ambaye kwa kukosa ubunifu nilijichagulia mpagazi, mzee wa kubeba mizigo. Na Nsajigwa, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda jirani na kiwanda. Alikuja siku moja kutengeneza mguu wa mashine ya kukatia karatasi, akasikia Mwinyi anabishana na jini, akauliza, "Huyo jini mnamlipa kodi?" Akavuta kiti. Mhusika wake aliitwa Nyundo, mfua chuma mrefu mpaka akiinama mlangoni lazima mwenzake amshikie kofia.

Sijui kuwaelezea Nsajigwa alivyokuwa mezani. Nitajaribu. Mimi nikiulizwa unafanyaje, natafuta jibu lisilo na hasara. Rashidi anatafuta la faida. Nsajigwa alikuwa anasikiliza, anaweka kikombe chini, halafu anafanya jambo ambalo baadaye unaona lilikuwa la pekee. Jini la mto lilipotuzuia, sisi tulitaka kupigana. Nyundo akaliuliza limekula nini tangu asubuhi. Tulikaa nalo Jumamosi mbili tukipika.

Halafu Nsajigwa akaenda Chunya. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kazi ya kuchomelea ni nyingi. Alisema anakwenda mwezi mmoja.

Hapa lazima nieleze kanuni moja ya kitabu mama, kwa sababu ndiyo iliyotufunga. Inasema: mchezaji asipofika, mhusika wake analala kando ya moto, na wenzake hawaruhusiwi kumwacha. Mwalimu aliiandika kwa ajili ya mtu mwenye mafua au mwenye msiba, wa wiki moja au mbili. Tulikuwa kando ya mto mpana, ng'ambo yake ndiko Lango la Kusini lilipo, mahali ambapo hakuna kitabu kilichowahi kufika. Nyundo akalala. Na sisi tukakaa.

Mwezi ukaisha. Simu yake mara haipatikani, mara inaita tu. Sisi kila Jumamosi tunakusanyika kwenye ule moto. Tulivua samaki mpaka Mwalimu akasema mto umeisha. Tulishona nguo za Mwinyi. Mpagazi wangu alipanga mizigo, akaifungua, akaipanga upya. Masika yakapita. Kiti cha Nsajigwa tulikiacha wazi, na hakuna aliyesema tukiache.

Rashidi ndiye aliyechoka wa kwanza, au ndiye aliyesema wa kwanza.

"Mwalimu, wewe umewapa watu visima, umewapa waganga, umewapa mpaka magoti. Sisi tupe moja. Nyongeza ya walioondoka."

"Inasema nini?"

"Inasema mtu akiondoka, wenzake wanaendelea. Basi. Mistari miwili."

Mwalimu akazigusa kete bila kuzirusha. "Nikiandika hiyo, nimemzika mtu mzima."

"Na usipoandika umetuzika sisi watatu, hapo mtoni, na Baba Neema anapanga mizigo."

"Rashidi, akirudi kesho? Aje akute moto umezimwa?"

"Akirudi kesho nitampa kiti changu. Lakini Mwalimu, kesho imekuwa ndefu."

Wakanigeukia mimi. Sipendi kugeukiwa. Nilisema wote wana haki, Rashidi akasema, "Hakimu wa Kihehe huyo, anafunga mlalamikaji na mlalamikiwa," tukacheka, lakini siku hiyo Mwalimu aliondoka mapema.

Na hatukuwa peke yetu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma zile kurasa za nyuma kwa macho mengine. Ombi la walioondoka lilikuwa limeandikwa mara nyingi kuliko lingine lolote, kwa maneno mbalimbali, na mimi nilikuwa nimelipita. Wanafunzi waliomaliza kidato cha nne pamoja, watano, sasa wawili. Muuguzi aliyehamishiwa wilaya nyingine, mhusika wake amelala pangoni, na wenzake wameandika, "Tumechoka na pango lakini hatumwachi." Mume na mke waliokuwa wanacheza wawili, mke akapata kazi Iringa, mume akabaki Mbeya, huyo aliomba nyongeza ya mchezaji mmoja, kisha akaikata kwa kalamu, akaandika pembeni, "Hapana, msitoe." Nilimpelekea Mwalimu kimoja kimoja. Alisoma vyote. Alisema, "Wanachoomba najua. Sijui tu namna ya kuwapa bila kuwadhulumu waliolala."

Namwelewa. Namwelewa na Rashidi. Kama mngeniuliza mimi nilitaka nini, nilitaka Nsajigwa aingie mlangoni aulize jini kama limekula. Hilo halichapwi.

Ikatokea Rashidi anakwenda Chunya kupeleka vipuri vya mashine za kusagia mawe. Hakutuambia kwamba atamtafuta. Aliporudi Jumamosi, vumbi bado kwenye nyusi, alikaa kwenye kiti chake, akaomba chai kwanza.

"Nimemwona," akasema.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mzima. Mnene kidogo. Ana mke, ana mtoto mchanga, ana kibanda kikubwa kuliko cha hapa. Nikamwambia, wewe, kwa nini hupigi simu hata kusalimia? Anasema, 'Kaka, nikipiga mtaniambia mnaningoja.' Nikamwambia, sasa tunakungoja hata usipopiga, umepata faida gani? Akaendelea kuchomelea, kavaa ile miwani, huwezi kujua mtu anafikiri nini."

"Harudi," Mwalimu akasema.

"Harudi. Si leo. Kazi iko huko, mtoto yuko huko." Rashidi akapuliza chai. "Lakini nilipokuwa naondoka alinikimbilia mpaka kwenye gari. Akasema, 'Mwambie Mwalimu msiniache hapo mtoni, na msikae kwa ajili yangu. Nibebeni hivyo hivyo nikiwa nimelala. Nikiamka, niamkie ng'ambo.'"

Mimi nilikuwa nimeshika mfupa wa kukunjia, nikaona napiga pembe ya karatasi ambayo haina kazi. Mwalimu akauliza, taratibu kama anayeuliza darasani, "Nyundo ana uzito gani?"

Rashidi akasema, "Mkubwa. Na mimi sina viatu."

Nyongeza ya Walioondoka ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Niliifunga mwenyewe nakala zote za kwanza, na sikumwachia mtu sindano, mtanisamehe. Kurasa nne zilizobaki kwenye mkunjo ziliachwa tupu, na safari hii Mwalimu aliziomba mwenyewe. Kanuni yake ni fupi. Aliyeondoka anabebwa. Wenzake wanagawana uzito wake, na kwa hiyo wanakwenda polepole zaidi, wanachoka mapema zaidi, na kete zao zinapungua nguvu. Hakuna anayeruhusiwa kumshusha. Anaweza kuamka popote, siku yoyote, bila kuulizwa alikuwa wapi. Na la mwisho: mwili unabebwa, mdomo haubebwi. Penye kuhitajika neno lake, msimulizi asilitunge, wala rafiki asimsemee. Aulizwe mwenyewe, popote alipo.

Niliposoma hiyo ya mwisho nilidhani itawashinda watu. Nilikosea. Watu walikuja mezani wakalalamika kwamba inachosha, kwamba inamaliza muda wa maongezi, kwamba wamelazimika kumpigia mtu ambaye walikuwa wamegombana naye. Yule mume wa Mbeya alirudi kununua nakala mbili, moja akaituma Iringa kwa basi. Hakueleza na mimi sikuuliza. Wengine waliichukia, na wana haki yao: kuna kijana aliniambia rafiki yake hakupokea simu, na sasa anambeba mtu asiyetaka hata kubebwa. Nilimpa chai.

Sisi tulivuka mto. Ilituchukua Jumamosi nyingi kuliko ilivyostahili, Mwinyi akilalamika habari za mgongo, mpagazi wangu amebeba miguu ya Nyundo juu ya mizigo yake ya kawaida. Katikati ya mto jini lilitaka kujua aliyelala ni nani na kama ana ruhusa ya kupita. Tukampigia Nsajigwa. Aliitika akiwa kazini, tukasikia mashine zikisaga, akapiga kelele, "Mwambieni ni yule aliyempikia." Likatupisha.

Halafu na mimi nikafika umri. Mliniaga vizuri, mkanipa saa ya ukutani, ingawa sijaelewa kwa nini mtu anapewa saa siku ambayo hahitaji tena kuwahi. Nilirudi nyumbani Iringa, kwenye shamba la marehemu baba, kwa sababu nyumba ya Mbeya ilikuwa ya kupanga na mgongo unataka kwao. Jumamosi yangu ya mwisho Mwalimu alinitazama akasema, "Basi, Baba Neema, mpagazi alale." Nikamlaza. Rashidi akasema sasa kuna watu wawili wa kubebwa na mbebaji mmoja tu, naye hana viatu.

Nisiwadanganye kwamba nimezoea. Shamba ni zuri, majirani ni wazuri, kanisani wamenipa kazi ya kushona vitabu vya nyimbo vilivyochanika. Asubuhi nashinda vizuri. Ni Jumamosi mchana ndipo mikono inatafuta meza. Neema anasema nianzishe meza hapa, nikusanye watu. Labda. Sijui kusimulia, najua kubeba.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napalilia maharage, simu ikaita. Rashidi.

"Kamwene, Baba Neema."

"Kamwene. Salamu yetu ya Kihehe bado unaisema vibaya."

"Sikiliza, usianze. Tumefika Lango la Kusini."

Nikaegemea jembe. Nikamwambia anadanganya.

"Wallahi tumefika. Refu, jeusi, la mawe. Na linazungumza. Linamuuliza kila mmoja anatafuta nini ng'ambo, asiyejibu hapiti, na mmoja asipopita hatupiti wote. Mimi nimejibu, nimesema natafuta nchi, na viatu. Nsajigwa tumempigia, kasema anatafuta kitanda, amechoka kulala kwenye mabega. Umebaki wewe."

"Mwambie Mwalimu aseme lolote."

"Mwalimu anasema anajua sana ungesema nini, lakini hawezi kukusemea."

Nikasikia viti vinavutwa. Nikasikia mtu anamimina chai, na Rashidi akikohoa kile kikohozi chake cha kutaka mtu aharakishe. Muda wa maongezi ulikuwa wake.

"Baba Neema, upo?"

"Nipo."

Kwa mbali sauti ya Mwalimu ikasema, "Mwache afikiri. Hatuendi popote."

Jibu nilikuwa nalo tangu aliponiuliza. Lakini nilijua nikilitoa Lango litafunguka, na hadithi itaingia huko ndani na wao, na simu itakatwa. Nikasimama hapo katikati ya maharage, simu sikioni, wenzangu wakinisubiri mlangoni, nikaendelea kunyamaza kidogo.